Njia ya farasi: kuendesha baiskeli Birmingham bila kukutana na gari

Najua nimekuwa kimya, lakini shifti za usiku zinajulikana.

Tangu niandike kwamba siku nikiwa off naendesha baiskeli kilomita 18, kwenda na kurudi, bila kupishana na gari hata moja, maswali yamekuwa mengi. Baba mdogo wa Tabora ameuliza kama nimehamia kijijini. Binamu mmoja (anajijua) amesema natia chumvi, maana Birmingham ni jiji la viwanda na huko huko ndiko magari yanakotengenezwa. Basi leo nawapa historia, mkae vizuri.

Ninapopita ni kando ya mfereji. Siyo mfereji wa maji machafu jamani, ni ule uliochimbwa kupitisha mashua za mizigo. Ndani ya jiji hili peke yake kuna kama kilomita 56 za mifereji hiyo, na pembeni yake kuna njia nyembamba, kwingine ya changarawe, kwingine ya matofali ya zamani, kwingine siku hizi lami. Juu yako malori yanapita kwenye madaraja, wewe uko chini na bata. Gari haliwezi kuingia kwa sababu njia ile haikutengenezwa kwa gari wala kwa baiskeli. Ilitengenezwa kwa farasi.

Birmingham imekaa mwinukoni na haina mto mkubwa wa kupitisha mizigo. Zamani makaa ya mawe yalikuja kwa mikokoteni, kwenye barabara za tope kama zile za kwetu masika. Mwaka 1769 mfereji wa kwanza, uliopimwa na fundi James Brindley, ulifika hapa kutoka kwenye machimbo ya Wednesbury, na bei ya makaa mjini ikashuka karibu nusu. Hesabu yake ni rahisi: farasi anayevuta mkokoteni kwenye barabara mbaya anahangaika na tani moja au mbili, lakini farasi huyo huyo akifungwa kamba kwenye mashua anavuta tani 25 au zaidi, kwa mwendo wa mtu anayetembea. Kwa hiyo kila palipochimbwa mfereji ilibidi pabaki kipande cha ardhi pembeni kwa ajili ya farasi na mtu wa kumwongoza. Kipande hicho ndicho napitisha mipira yangu leo.

Mfereji wa Brindley ulijipinda kama nyoka kwa sababu alifuata miinuko badala ya kuikata. Thomas Telford alipokuja kuukagua mwaka 1824 alikuta njia imemong'onyoka, farasi wanateleza na kutumbukia majini. Akachimba mwingine ulionyooka kuelekea Wolverhampton, ukapunguza safari kwa kama kilomita 11, na akaweka njia pande zote mbili ili farasi wasigombanie kamba wanapopishana. Huko ndiko kutamu kuliko kote kwa baiskeli, maana ni tambarare kabisa! Pale Smethwick unapita chini ya daraja lake la chuma la mwaka 1829, liko juu sana mpaka shingo inauma ukilitazama.

Ukiwa na macho utawaona farasi mpaka leo. Kwenye kona za madaraja ya zamani chuma kimechimbika mifereji midogo midogo, kidole kinaingia. Ni kamba zile zilizolowa maji na kushika mchanga, zikakisugua chuma miaka na miaka. Sehemu nyingine kuna mteremko wa matofali unaoingia majini, wa kumtoa farasi aliyetumbukia.

Lakini kituo changu mimi ni Gas Street, katikati ya mji. Pale mifereji ya kampuni mbili inakutana, ule wa Birmingham na ule wa Worcester. Kampuni ya Birmingham iliogopa kwamba wenzao watawaibia maji, hivyo tangu miaka ya 1790 ukawekwa ukuta kati yao, upana wake kama mita mbili tu. Mashua inafika upande huu, nyingine inasubiri upande ule, na mzigo wote unashushwa na kubebwa na watu kuvuka ukuta, kisha unapakiwa tena. Makaa, chumvi, kila kitu. Mchezo huo uliendelea mpaka mwaka 1815 ndipo walipokubali kukata mlango. Ukuta wenyewe bado upo, watu wanafunga mashua zao pale na kunywa kahawa. Mimi Mnyamwezi nikisimama pale siwezi kuacha kuwafikiria wapagazi. Tunafundishwa kuwa Wazungu walikuwa na mashine wakati babu zetu wanabeba mizigo kichwani kutoka Ujiji na Tabora kwenda Bagamoyo. Kumbe na hapa, kwenye mji uliokuwa unaongoza dunia kwa viwanda, mtu alibeba makaa begani kwa sababu matajiri wawili hawakuaminiana.

Na watu wa mashua hawakuwa na maisha ya picha mnazoziona kwenye kalenda. Reli zilipoanza kuwanyang'anya mizigo, malipo yakashuka, na wengi wakaacha kupanga nyumba na kuhamishia familia ndani ya mashua. Chumba chenyewe kina upana wa mita mbili na urefu kama mita tatu, baba, mama na watoto humo humo. Aliyemwongoza farasi mara nyingi alikuwa mtoto, kwa miguu, mvua na baridi, na shule hakuna. Sheria ya kwanza ya kukagua mashua hizo na kuangalia masomo ya watoto ilipitishwa mwaka 1877.

Kuelekea kusini napita chuo kikuu, halafu Bournville kwenye kiwanda cha chokoleti cha Cadbury kilichohamia pale mwaka 1879 (upepo ukiwa mzuri unasikia harufu ya kakao). Mbele ya Kings Norton mfereji unaingia kwenye handaki la Wast Hills, kama kilomita mbili na nusu gizani. Handaki halina njia pembeni. Zamani farasi alifunguliwa akapandishwa mlima kwa juu, akaenda kusubiri upande wa pili. Baiskeli nayo inapanda kule kule kwa farasi. Kwa kawaida mimi nageuzia hapo.

Sasa baba mdogo, hapa ndipo panakuhusu. Zile baiskeli za wazee wetu zilitoka huku huku. BSA, yenye nembo ya bunduki tatu zilizoegemezana, ni Birmingham Small Arms, kampuni iliyoundwa na mafundi bunduki mwaka 1861, kiwanda chake kikawa Small Heath. Hercules ilianza hapa mwaka 1910. Phillips ilikuwa Smethwick. Hata ile siti ya ngozi ya Brooks iliyowaumiza watoto wote waliowahi kuiba baiskeli ya baba ni ya mji huu. BSA waliuza biashara ya baiskeli kwa Raleigh wa Nottingham mwaka 1957, na nyingine zikafuata njia hiyo hiyo. Kwa hiyo mji umeacha kutengeneza baiskeli kwa wingi lakini una njia zake, na sisi tuna baiskeli kila nyumba lakini hatuna njia. Kule kwetu mtu na magunia matatu ya mkaa kwenye keria anagombania ukingo wa lami na mabasi ya Mwanza.

Msidhani hata hivyo kuwa serikali ya huku ilikaa ikawahurumia wenye baiskeli. Mifereji ilitaifishwa mwaka 1948 ikiwa hoi. Baridi kali ya 1962 hadi 1963 iliganda maji kwa wiki nyingi, mashua zikanasa kwenye barafu, na wateja waliokuwa wamebaki wakahamia kwenye malori. Baada ya hapo ikawa mitaro ya kutupia takataka. Mtandao mzima wa Birmingham na maeneo ya jirani, ambao ulikuwa umefika karibu kilomita 260, umebaki kama 160. Mingine ilifukiwa ikajengwa juu yake. Sheria ya mwaka 1968 iliipanga mifereji kwa madaraja, na mingi ya huku ikawekwa kwenye fungu la mwisho, lile la mabaki, isiyo na ahadi ya kutunzwa. Waliopambana ni wananchi wa kawaida, wengi kupitia chama kilichoanzishwa mwaka 1946 na Robert Aickman na mwandishi L.T.C. Rolt. Wikiendi walikuwa wanaingia kwenye tope na koleo, wanatoa magurudumu na vitanda, na wanapitisha mashua kwa makusudi kwenye mifereji iliyotaka kufungwa ili isisemwe kuwa haitumiki. Fedha za jiji zilikuja baadaye sana. Mwaka 2013 serikali ilitoa pauni milioni 17 kwa ajili ya baiskeli Birmingham, na sehemu yake ndiyo iliyosawazisha njia hizi. Tangu 2012 mifereji yenyewe iko chini ya shirika la hisani, Canal & River Trust.

Na njia ya wapagazi wetu? Reli ilifika Tabora mwaka 1912, Kigoma 1914, na kazi yao ikaisha. Mwaka 2006 Tanzania iliipeleka njia ile UNESCO kwenye orodha ya kusubiri kuwa urithi wa dunia. Wewe uliyeko Tabora nisaidie: ukitoka Kwihara kuelekea mashariki, pana mahali inaonekana bado? Waulize wazee kabla hawajatuacha, kisha uniandikie.

Niishie hapo, alfajiri kazini. Kuhusu swali la shangazi: ndiyo, helmeti navaa, na chini ya madaraja napiga kengele.