Doa Lililokataa Kuwaka

Wasee, leo tuongee kuhusu doa. Kwenye maabara ya Profesa Ben Zhong Tang kule Hong Kong, mwanafunzi aliweka tone la kemikali kwenye kisahani bapa, akalimulika kwa taa ya UV. Doa likiwa bichi, giza. Likikauka, linawaka.

Vitabu vilisema kinyume. Tangu 1954, Förster na Kasper kule Ujerumani walipochunguza pirini, ilijulikana kwamba molekuli zinazong'aa zikisongamana, mwanga hufifia. Ilikuwa rahisi kumwambia huyo mwanafunzi arudie. Tang hakumpuuza, na mwaka 2001 wakachapisha.

Kumbe molekuli hizo, siloli, zina pete zinazozunguka kama feni. Zikiwa huru kwenye kimiminika, nishati inaishia kwa kuzunguka. Zikibanwa, kama sisi kwa matatu ya jioni, haziwezi kugeuka, basi nishati inatoka kama mwanga. Waliongeza maji tu kwenye mchanganyiko, zikajikusanya kuwa chembe za nano, zikawaka. Baadaye wazo likaingia kwa polima: badilisha vipande vya mnyororo, unapata bluu, kijani au nyekundu. Watafiti sasa hutumia chembe kama hizo kuona seli kwa darubini.

Mimi niliacha chuo mwaka wa pili. Kuna siku kwa maabara jibu langu lilikataa kabisa kufanana na la kitabu. Nikaambiwa niandike la kitabu. Nikaandika, nikapewa nane kwa kumi.