Taamuli kwa Mwenye Mawazo

Kariakoo mtu akisemwa kuwa "ana mawazo", hasifiwi. Maana yake amekosa raha: chakula hakipandi, usingizi hauji, ukimsemesha anakuitikia kwa mbali. Sasa mpe mtu huyohuyo kijikaratasi cha ushauri wa afya kilichotafsiriwa kutoka Kiingereza, kinachomtaka akae kimya kila asubuhi kwa dakika 10 "atafakari". Atafakari nini tena? Kutafakari ndiko kulikomkesha.

Neno tafakari halina kosa mahali pake. Katika Biblia ya Kiswahili limo tangu Zaburi ya 1, na masheikh wetu wanahimiza tafakuri juu ya uumbaji wa Mungu. Katika matumizi hayo akili inapewa jambo la kulifanyia kazi. Zoezi wanalofundisha wataalamu wa afya ya akili linakwenda njia nyingine kabisa. Mtu anakaa, anaifuata pumzi yake ikiingia na kutoka, wazo likija analitambua kuwa ni wazo, halipingi wala haliendelezi, kisha anarudi kwenye pumzi. Atarudi mara nyingi, na huko kurudi ndiko zoezi lenyewe.

Sababu yake inaeleweka. Zindel Segal, Mark Williams na John Teasdale, waliotoa mwaka 2002 kitabu kilichoeneza tiba ya wiki 8 yenye mazoezi haya, waliwalenga watu waliokwisha kuugua sonona zaidi ya mara moja. Walieleza kuwa huzuni ndogo ya kawaida ikimjia mtu wa namna hiyo huamsha mawazo ya zamani ("sifai", "nimeshindwa"), naye huanza kuyacheua kama ng'ombe anavyocheua majani, mpaka huzuni ya siku moja igeuke ugonjwa wa miezi. Ukimwambia atafakari, unamwongezea majani.

Ndiyo maana naliteua neno taamuli. Wengi wanaliona la vitabuni, na kweli hulisikii Mtaa wa Kongo mtu akiuza vitenge. Lakini katika asili yake ya Kiarabu lina maana ya kukitazama kitu kwa makini na kwa muda, na kutazama ndiko kunakotakiwa hapa. Vijana wanasema "meditesheni", nami siwakatazi. Ubaya wake ni kwamba linaleta picha ya mgeni aliyekunja miguu ufukweni, na wazee wanahisi wanaitwa kwenye ibada ya watu wengine. Ilhali ukisimama Mnazi Mmoja, kwenye uwanja ulioachwa wazi enzi za ukoloni ili kuitenga Kariakoo na Uhindini, mambo ya aina hii yako jirani pande zote. Kisutu kuna mahekalu ya Wahindu. Waismailia wana taamuli yao ya kabla ya mapambazuko. Upanga kuna hekalu la Wabudha lililoanzishwa na Wasinghala kutoka Ceylon mwanzoni mwa karne ya 20. Na Waislamu wa tarika wana dhikri na nyuradi zao. Kila mmoja ana nia yake na imani yake, wala si haki kuyachanganya, lakini jiji hili linajua tangu zamani kwamba mtu anaweza kukaa akaituliza akili yake.

Istilahi ya pili ina uzito zaidi, maana wanaoihitaji ni ndugu zetu walio mbali. Kijana yuko Oslo, mwezi Desemba, anampigia shangazi yake Mtaa wa Lumumba: "Shangazi, huku saa tatu asubuhi, giza totoro." Shangazi anauliza, "Saa tatu ya asubuhi au ya usiku, mwanangu?" Hakuuliza ovyo. Saa zetu tunazihesabu tangu jua linapochomoza, na Dar es Salaam tofauti kati ya siku ndefu na siku fupi ya mwaka haifiki hata saa moja. Oslo mwishoni mwa Desemba jua huchomoza saa tatu imepita na saa tisa na nusu alasiri limeshazama. London, adhuhuri, alasiri na magharibi zinabanana ndani ya saa nne hivi.

Siku fupi namna hiyo huwaletea baadhi ya watu ugonjwa, na daktari Norman Rosenthal aliuona mwilini mwake. Alitoka Afrika Kusini kwenda New York mwaka 1976, na majira ya baridi yalipofika akajikuta hana nguvu ya kazi. Mwaka 1984 yeye na wenzake wakaueleza ugonjwa huo kitaalamu: sonona inayoanza siku zinapofupika na kuondoka siku zinaporefuka, ikiambatana na usingizi mwingi na hamu ya wanga.

Tuuiteje? "Unyogovu wa msimu", kama tafsiri za mashine zinavyopenda, ni kumtukana mgonjwa, kwa kuwa mnyogovu ni mtu mlegevu, mvivu. "Sonona ya kipupwe" inapotosha: kipupwe cha Juni hadi Agosti ndicho kinachotupumzisha na joto, na hapa baridi si kisababishi kikuu. "Sonona ya giza" niliipenda kwa ufupi wake, ila nani hajui "nguvu za giza" zinampeleka mgonjwa wapi? Atafanyiwa maombi ya kufukuza pepo, na taa hataiwasha. Nimebaki na sonona ya uhaba wa mwanga. Ni ndefu, lakini inataja kilichopungua, na aliyeisikia ameshaanza kuielewa tiba: taa maalumu ya lux 10,000, nusu saa kila asubuhi. Taamuli inakaa kando ya taa hiyo, haichukui nafasi yake. Rosenthal mwenyewe aliandika kitabu cha kuisifu taamuli mwaka 2011, ile ya kurudia neno moja kimoyomoyo, lakini mwanga hakuuacha.

Kwa hiyo kijikaratasi cha yule kijana wa Oslo ningekiandika hivi. Muulize daktari kuhusu taa, hasa kama una ugonjwa wa macho au umewahi kupandwa na furaha isiyo ya kawaida. Asubuhi iwashe, kaa karibu nayo, usiikodolee macho. Itazame pumzi yako kwa dakika 10. Wazo likija, lijue kuwa ni wazo, kisha irudie pumzi. Mchana toka nje hata kukiwa na mawingu, kwa kuwa mwanga wa nje, hata wa mawingu, unaushinda wa taa za sebuleni. Zikipita wiki mbili hali haibadiliki, rudi kwa daktari. Ukiwaza kujidhuru, piga simu ya dharura saa hiyohiyo, na umpigie shangazi.