Mainjinia Bila Digrii

Wasee, shuleni tulikariri Mwea na Perkerra, skimu za miaka ya 1950 zilizochimbwa na wafungwa wa Mau Mau. Ukitoka hapo unadhani kabla ya mkoloni watu walikaa tu wakingoja mvua. Zii.

Cheki vijiji vya Marakwet, Bonde la Kerio. Mvua inanyesha juu, milima ya Cherangani. Bondeni ni jua kali. Mababu wa huko, kitambo kabla Mzungu afike, waliziba mito kwa mawe, magogo na matawi, wakateremsha maji kwa mifereji hadi kwa mashamba ya mtama na wimbi. Mingine inapita kilomita 10. Hakuna simiti, hakuna pampu. Walipima mteremko kwa macho na kwa maji yenyewe.

Maji yanagawanywa kwa koo, kila mtu na zamu yake. Mfereji ukibomoka, wanaume wanatoka pamoja kuutengeneza. Haikuwa paradiso: mila iliwakataza wanawake kugusa mfereji, ilhali shambani walitoa jasho. Lakini mifereji bado inanywesha mashamba hadi leo.

Mimi niliacha chuo, na kila siku naulizwa nitakuwa nani bila karatasi. Siwaambii muache shule. Ila Marakwet sikuwahi kuisikia darasani, na hiyo inaniuma. Ukifundishwa kwamba akili ilikuja na meli, utamdharau shosho wako bure.

Swali: kwenu mababu walijenga nini? Ulizia kabla wazee hawajaenda nayo.