Kifaru Aliyevikwa Chuma

Mchoraji apendaye kubuni mnyama asiyepata kuwako duniani hana budi kujua kwanza kazi ya viungo vya wanyama walioko. Jambo hili laonekana wazi katika habari ya Albrecht Dürer, mchoraji mashuhuri wa mji wa Nuremberg, Ujerumani.

Tarehe 20 Mei 1515 merikebu ya Wareno iliyopitia Msumbiji ilifika Lisbon ikiwa na kifaru wa Bara Hindi, zawadi ya Sultani wa Gujarat. Tangu enzi za Warumi watu wa Ulaya walikuwa hawajamwona mnyama huyo akiwa hai. Habari zake zilipelekwa Nuremberg kwa barua na mchoro mdogo. Dürer hakumwona kifaru yule hata siku moja, ila alichora picha yake mwaka ule ule, ikachongwa katika ubao na kupigwa chapa.

Kifaru wa Bara Hindi ana pembe moja, wala si mbili kama wa kwetu, na ngozi yake nene ina mikunjo mikubwa shingoni, mabegani na mapajani. Ndani ya mikunjo ngozi ni laini, na hapo ndipo mwili upindapo anapotembea au kulala. Lakini Nuremberg ulikuwa mji wa wahunzi wa mavazi ya vita. Basi Dürer aliifanya mikunjo ile kuwa mabamba magumu, akaitia miguu magamba, na juu ya mabega akaongeza kipembe kilichosokoteka. Msomaji, jiulize: mnyama mwenye kifua cha namna hiyo atainamaje anywe maji? Na kipembe cha mgongoni kitampiga nani? Pembe ya kweli iko juu ya pua, penye mfupa wenye nguvu, ili uzito wote wa shingo na mwili uisukume kutoka nyuma. Hata mnyama wa hadithi hawezi kukwepa maswali hayo.

Sisemi kwamba Dürer hakuwa fundi. Ufundi wake ndio uliowafanya watu waamini.

Mfalme Manuel alimtuma kifaru yule Roma, kwa Papa Leo wa Kumi. Mapema mwaka 1516 merikebu ilizama karibu na pwani ya Italia. Vifaru wa aina hiyo ni waogeleaji hodari, lakini huyu alikuwa amefungwa minyororo, akafa maji. Picha ikabaki, ikanakiliwa hata katika vitabu vya elimu ya wanyama kwa zaidi ya miaka 200, maana waliobahatika kumwona kifaru hai walikuwa wachache mno.

Mwaka 1741 kifaru jike aliyeitwa Clara aliletwa Ulaya, akatembezwa mji kwa mji hata alipokufa London mwaka 1758. Huko Paris, mwaka 1749, Jean-Baptiste Oudry alisimama mbele yake akamchora kwa ukubwa wake kamili. Mabegani hapana kipembe, na ngozi yalegea katika mikunjo yake.