Dhahabu ndogo, sumu ndogo

Juzi rafiki aliniuliza: maji yakiwa maangavu, utajuaje yana sumu? Mimi kazi yangu ni programu tu, lakini swali lilininyima usingizi, nikaanza kuchimbua.

Kumbe hadithi ilianza na damu. Mwaka 1962 Wamarekani Leland Clark na Champ Lyons walieleza jinsi ya kuweka kimeng'enya kwenye elektrodi ili kupima sukari. Baadaye wanasayansi wakaigeuza hesabu: dawa za wadudu aina ya oganofosfati huzima kimeng'enya cha asetilikolinesterasi, kwa hiyo umeme ukishuka, yashuku maji.

Taabu ikawa umeme wenyewe ni hafifu. Mwaka 2003 kundi la Itamar Willner, Jerusalem, liliunganisha kimeng'enya cha sukari na elektrodi kwa chembe za dhahabu za nanomita 1.4. Kila kimeng'enya kikapitisha elektroni kama 5,000 kwa sekunde; kwa njia ya asili, ya oksijeni, ni 700 hivi. Leo chembe za dhahabu hutumika pia kwenye vihisi vya maji.

Ila tusishangilie mapema. Kimeng'enya kilichozimwa hakisemi ni dawa gani iliyokizima. Jibu hilo bado hutoka maabara. Je, msomaji, maji yako yalipimwa lini?