Ada na Kahawa: Asili ya Shule za Kulipia katika Bukoba na Muleba

Aghalabu husemwa kwamba jamaa za Bukoba na Muleba huwapeleka watoto wao katika shule za binafsi kwa sababu shule za umma zimedhoofika. Neno hilo lina kweli ndani yake, lakini ni kweli ya miaka ya karibuni tu. Mtu akiishika hiyo peke yake hatafahamu kwa nini mzazi wa Kamachumu huuza kahawa kwa butura, yaani ingali mtini, kwa bei ya kutupa, ili mwanawe alale katika bweni la kulipia, hali shule ya kata iko karibu na nyumbani kwake nayo haidai ada. Sababu iliyo kongwe zaidi ni kwamba katika nchi hii shule ililetwa na watu wasiokuwa serikali, ikalipiwa kwa mazao ya shamba la nyumbani, na kwa muda wa miaka karibu 80 watu wengi hawakujua namna nyingine ya kusoma. Shule ya serikali kwa watu wote ndiyo iliyokuja baadaye kama mgeni.

Emin Pasha alijenga boma la Wajerumani Bukoba mwaka 1890. Miaka miwili baadaye Mapadre Weupe, waliofukuzwa na vita vya dini katika Buganda, walivuka mpaka na Askofu Hirth wakapiga kambi Kashozi. Walutheri wa Betheli walifika mwaka 1910, wakawakuta baadhi ya Wahaya wamekwisha kupata vitabu na mafundisho kutoka Uganda kabla ya mchungaji yeyote Mzungu kufika. Hilo si jambo dogo. Kijana aliyetembea hadi Buganda akarudi na kitabu hakuwa ameitwa na serikali wala kulazimishwa na mtemi. Aliifuata elimu kwa miguu yake mwenyewe. Katika siku hizo kusoma na kuingia dini yalikuwa karibu jambo moja. Hata leo Mhaya hutaniwa nchini Tanzania kwa jina la "nshomile", ambalo kwa lugha yake maana yake ni "nimesoma". Watani hulitumia kumcheka kwa majivuno, naye hulipokea kama sifa.

Tangu mwanzo, basi, shule ilikuwa mali ya kigango na misheni. Rubya, katika Ihangiro, ambayo leo ni sehemu ya Muleba, seminari ilifunguliwa mwanzoni mwa karne ya 20, na katika seminari hiyo alipita Laurean Rugambwa, aliyepata upadre mwaka 1943 na ukardinali mwaka 1960, Mwafrika wa kwanza wa zama hizi kufikia cheo hicho. Mzazi wa Ihangiro hakuhitaji kuelezwa faida ya bweni. Aliiona ikipita njiani katika kanzu nyekundu. Serikali ya Kiingereza nayo, kwa sheria ya elimu ya mwaka 1927, ilichagua kuzipa ruzuku shule za misheni zilizotimiza masharti yake, kuliko kujenga zake kila mahali. Shule hizo hazikuwa za binafsi kwa maana ya leo, kwa kuwa mkono wa serikali ulikuwemo. Lakini mlango ulikuwa wa misheni, na mwalimu mkuu alikuwa padre au mchungaji.

Ada ilitoka katika kahawa. Wahaya waliijua kahawa kabla ya Mzungu, wakiitafuna na kuitumia katika udugu wa kuchanjana. Baadaye ikawa zao la kuuza, na mwaka 1950 chama kikuu cha ushirika cha Bukoba kiliandikishwa. Bei nzuri za miaka ya 1950 zilijenga nyumba za bati na kulipia madaftari. Shule ya Omumwani mjini Bukoba inabeba hata sasa neno la Kihaya la kahawa katika jina lake.

Isidhaniwe kwamba mambo yalikuwa mema kwa wote. Jamaa za Waislamu, ambao ni wengi katika sehemu kadha za Bukoba, waliona kwamba ufunguo wa darasa umo mfukoni mwa padre, nao waliogopa, si bila sababu, kwamba mtoto angetoka shuleni na jina jingine. Maskini asiye na mibuni alibaki nje. Watoto waliobahatika kuingia nao walibeba mzigo mzito kuliko umri wao. Tarehe 30 Januari 1962 katika shule ya bweni ya wasichana ya misheni ya Kashasha, katika nchi ya Muleba ya leo, kulizuka ugonjwa wa kucheka na kulia usiozuilika, ukawapata wasichana 95 katika 159, hata shule ikafungwa mwezi Machi. Ulienea hadi Nshamba na kwingineko. Madaktari waliochunguza hawakukuta sumu wala kijidudu, na wataalamu wengi wa baadaye wameutaja kuwa ni matokeo ya dhiki ya moyo. La kuangaliwa hapa ni kwamba shule ilipofunguliwa tena mwezi Mei, wasichana walirudishwa. Ugonjwa ukazuka upya, na mwisho wa Juni shule ikafungwa mara ya pili.

Baada ya Azimio la Arusha la mwaka 1967, Sheria ya Elimu ya mwaka 1969 iliziweka shule za misheni zilizokuwa zikipata ruzuku chini ya serikali. Ihungo, shule ya sekondari ya Wakatoliki juu ya kilima cha Bukoba, ikawa ya taifa. Yafaa kusema wazi kwamba tendo hilo lilikuwa la haki: mtoto wa Mwislamu na mtoto wa mpagani sasa waliweza kuingia Ihungo kwa alama zao, bila kuulizwa cheti cha ubatizo. Lakini seminari hazikuguswa. Rubya ilibaki mikononi mwa Kanisa, na kwa hiyo katika Muleba mlango mmoja wa zamani haukufungwa hata siku moja, nao wazazi wakaukumbuka.

Kisha likaja Azimio la Musoma la Novemba 1974, lililotaka kila mtoto wa Tanzania aingie shule ya msingi ifikapo mwaka 1977. Madarasa yalijaa haraka. Sekondari hazikuongezeka kwa kadiri hiyo. Mapema katika miaka ya 1980, katika kila watoto 100 waliomaliza darasa la saba nchini, hawakufika 5 waliopata nafasi katika sekondari za serikali. Tena nafasi hizo ziligawanywa kwa mikoa, ili mikoa iliyoachwa nyuma na misheni isiendelee kuachwa nyuma. Nia ya Mwalimu Nyerere hapo haina lawama. Lakini mzazi wa Bukoba, ambaye babu yake alikwenda Buganda kutafuta kitabu, aliambiwa kwamba mwanawe amefaulu na bado hana nafasi, ilhali mtoto wa mkoa mwingine mwenye alama zilizo chini amechaguliwa.

Hapo ndipo shule ya binafsi ya leo ilipozaliwa, nayo ilizaliwa katika Kagera na Kilimanjaro kuliko mahali pengine, yaani katika mikoa ile ile miwili iliyokuwa na kahawa, misheni na wasomi wa zamani. Makanisa, Jumuiya ya Wazazi na watu wa vijiji walichanga mawe, mbao na fedha. Nyingi za shule hizo zilikuwa duni kuliko za serikali. Haikosi kustaajabisha: katika miaka ile mzazi alilipa ada ili apate kilicho hafifu, kwa sababu kilicho bora kilikuwa bure na hakipatikani. Serikali, kwa mgawo uliokusudiwa kuleta usawa, ilijenga bila kukusudia nusu ya pili ya elimu ya nchi. Kufikia mwisho wa miaka ya 1980 sekondari za binafsi zilizidi za serikali kwa idadi.

Sera ya Elimu na Mafunzo ya mwaka 1995 iliwafungulia watu na mashirika njia ya kuanzisha hata shule za msingi, na hapo suala likageuka. Tangu mwaka 1967 shule ya msingi ya umma hufundisha kwa Kiswahili, na sekondari hufundisha kwa Kiingereza. Mtoto anayevuka kutoka darasa la saba kuingia kidato cha kwanza hukutana na hesabu na biolojia katika lugha asiyoijua, tena kwa siku moja. Shule ya msingi ya kulipia humvusha mapema. Mwalimu wa Kiswahili aweza kuhuzunika kwa sababu hii kuliko nyingine zote, lakini hawezi kumlaumu mzazi. Mtihani haukuwekwa na mzazi.

Ada ya shule za msingi za umma ilifutwa tena kuanzia mwaka 2001, sekondari za kata zikaenea kuanzia mwaka 2004, na tangu mwaka 2016 elimu hadi kidato cha nne haina ada katika shule za umma. Nafasi, iliyokuwa kilio cha mwaka 1980, sasa ipo. Kilichopungua ni imani. Katika mtihani wa kidato cha nne wa mwaka 2012 zaidi ya nusu ya watahiniwa nchini walishindwa, hata baada ya matokeo kupangwa upya, na wengi wao walikuwa watoto wa shule za kata. Upande wa pili, shule ya Kemebos ya Bukoba iliongoza taifa zima katika mtihani huo wa mwaka 2021. Baraza la Mitihani liliacha kutangaza orodha ya shule bora mwezi Januari 2023, lakini mzazi wa Muleba anaikumbuka bila kutangaziwa.

Fedha ya kulipia imekuwa ngumu zaidi. Bei ya kahawa ilianguka baada ya mapatano ya kimataifa ya mgao wa kahawa kuvunjika mwaka 1989. UKIMWI, ambao wagonjwa wake wa kwanza nchini walitambuliwa Kagera mwaka 1983, uliwaacha mabibi wakilea wajukuu. Mnyauko wa migomba uligunduliwa Muleba mwaka 2006. Ada sasa hutoka kwa shangazi aliye Mwanza au mjomba aliye Dar es Salaam, ama kwa butura, ama kwa kipande cha kibanja kilichoachwa na babu. Na bweni si kinga ya kila baya: Septemba 2020, katika wilaya ya Kyerwa iliyo mkoani humo, moto uliwaua wanafunzi 10 wa shule ya msingi ya bweni isiyokuwa ya serikali. Mwaka 2023 serikali ilizuia bweni kwa watoto wa chini ya darasa la tano.

Ihungo iliharibiwa vibaya na tetemeko la tarehe 10 Septemba 2016, ikajengwa upya. Kidato cha tano na cha sita vya umma navyo havina ada tangu mwaka 2022, na mzazi aliyelipa kwa miaka 11 husubiri kwa hamu kuona kama mwanawe amepangiwa shule kama Ihungo. Katika orodha hiyo hiyo jina la mtoto wake hushindana na jina la mtoto wa shule ya kata, aliyeanza kufundishwa masomo kwa Kiingereza alipoingia kidato cha kwanza.