Tenda ya hekalu la Delphi

Wiki ya pili hii silali vizuri, na mchawi wangu ni gemu: Assassin's Creed Odyssey, ile ya Ubisoft iliyotoka mwaka 2018. Hadithi yake inaanza mwaka 431 KK, Athens na Sparta zikiingia vitani. Mapema tu unafika Delphi, kwenye hekalu la Apollo, ambako Wagiriki walikwenda kumuuliza mungu huyo kabla ya kuamua jambo zito. Alijibu kwa kinywa cha kuhani mwanamke aliyeitwa Pythia.

Sasa, ukitazama picha za Delphi ya leo utakuta magofu: sakafu ya mawe mlimani na nguzo 6, ambazo nazo zilisimamishwa upya kati ya 1938 na 1941. Kwenye gemu hekalu ni zima. Nilidhani ni jengo lile lile kabla halijabomoka. Kumbe sivyo. Hekalu la mwaka 431 KK liliangushwa na tetemeko la ardhi mwaka 373 KK. Magofu ya leo ni ya lile lililojengwa baada yake.

Hilo lililoanguka ndilo lenye kisa. Lililolitangulia liliungua mwaka 548 KK. Tenda ya kujenga jipya wakaipata Alcmaeonidae, ukoo wa matajiri wa Athens waliokuwa uhamishoni kwa kugombana na Hippias, dikteta wa mji wao. Mkataba ulitaka mawe ya kawaida. Wao upande wa mbele wakaweka marumaru ya kisiwa cha Paros. Jamani, mkandarasi akikupa zaidi ya mkataba, shika mfuko wako!

Herodotus, yule baba wa historia, anaandika kwamba kwa masimulizi ya Waathene, ukoo huo ulimhonga Pythia. Kila Msparta aliyekuja kuuliza, liwe lake binafsi au la serikali, akaambiwa: ikomboeni Athens. Wasparta walikuwa marafiki wa familia ya Hippias, lakini nani abishane na mungu? Jeshi la kwanza lilipigwa, wakapeleka jingine. Mwaka 510 KK Hippias akang'oka.

Kwenye gemu, Pythia anakiri kuwa husema anayoambiwa na genge la siri. Genge ni la kubuni, na nilipofika hapo nilicheka, nikasema hawa jamaa wamezidisha chumvi. Kisha nikamsoma Herodotus (naye yumo ndani ya gemu, unakutana naye hapo hapo Delphi), nikanyamaza.

Maana haikuwa mara moja. Sparta ilikuwa na wafalme wawili kwa pamoja, na karibu na mwaka 491 KK mmoja wao, Cleomenes, alitaka kumwondoa mwenzake Demaratus. Akamtumia Cobon, mtu mwenye sauti kubwa pale Delphi. Cobon akamshawishi Pythia wa wakati huo, Perialla, atamke kuwa Demaratus si mtoto halali wa mfalme. Ufalme ukamtoka. Njama ilipofichuka, Cobon akaukimbia mji, Perialla akavuliwa cheo. Herodotus kataja majina yote. Mimi gazetini ningeambiwa niandike "kigogo mmoja".

Demaratus alikimbilia Uajemi, na mwaka 480 KK akarudi Ugiriki kwenye msafara wa mfalme Xerxes, mshauri wa adui. Delphi nako waulizaji waliendelea kupanda mlima na zawadi zao, Pythia mwingine akiwa kitini.